Mwongozo Kamili: Ukocha wa Uongozi kwa Mkuu wa Shule ya Taasisi ya Dini, Hatua kwa Hatua

Wengi mmeniandikia jambo lile lile kwa maneno tofauti. Jimbo, dayosisi, shirika la masista au taasisi ya Kiislamu imekuomba umsaidie mkuu wa shule yake kama kocha wa uongozi. Vikao viwili vya mwanzo vinakwenda vizuri. Cha tatu mkuu ana safari, cha nne ana wageni, cha tano hapokei simu. Nimewauliza wengi wenu mlianzaje, na karibu wote mlianzia hatua ya 6 ya mwongozo huu. Tano za kwanza mliziruka.

Nimeandika nikifikiria sekondari ya bweni ya Tanzania Bara. Kwa Kenya mengi yatafaa, ila huko shule nyingi zenye mdhamini wa kidini ni za umma na walimu wake ni waajiriwa wa TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, kwa hiyo hatua ya 2 itabidi uipange upya.

Kocha ninayemzungumzia hafundishi kozi, hakagui shule, wala hatoi ushauri nasaha. Anakaa na mkuu kwa muda maalumu, anamsaidia aione kazi yake vizuri, aamue mwenyewe na atekeleze alichoamua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Makubaliano ya maandishi ya ukurasa mmoja, yenye nafasi tatu za sahihi.
- Barua ya uteuzi ya mkuu na orodha ya majukumu yake. Kama orodha haipo, hilo tayari ni jambo la kujua.
- Kumbukumbu za vikao vya bodi ya shule za mwaka mmoja uliopita.
- Matokeo ya mitihani ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ya miaka 3, kidato cha pili na cha nne, na cha sita kama kipo.
- Ripoti ya mwisho ya wathibiti ubora wa shule.
- Ratiba ya siku nzima: vipindi, ibada, chakula, kujisomea usiku.
- Chumba ambacho si ofisi ya mkuu. Parokiani, maktaba siku ya Jumamosi, nyumba ya wageni ya shirika, popote pasipo mtu wa kubisha hodi.
- Daftari moja ambalo halilali shuleni.

Nyaraka zote ziombe kupitia kwa mkuu mwenyewe. Ukizichukua kwa mhasibu au kwa katibu wa elimu kabla ya kumwomba yeye, umeshaanza vibaya.

## Hatua ya 1: Hakikisha kinachohitajika ni ukocha

Mwenye shule akikuambia mkuu wake anahitaji kocha, muulize ameona nini kwa macho yake.

Akisema mkuu hawezi kusoma taarifa ya fedha au kuandaa bajeti, hilo ni pengo la ujuzi, na dawa yake ni mafunzo. ADEM, wakala wa serikali ulioko Bagamoyo, ipo kwa ajili ya kuwafunza viongozi wa elimu. Akisema kuna fedha zimepotea au mwanafunzi amedhuriwa, huo ni uchunguzi, na kocha hana nafasi humo. Akisema mkuu amefiwa na tangu hapo hajawa sawa, apewe likizo na mtu wa kumfariji kwanza.

Ukocha unamfaa mkuu anayeijua kazi na mwenye nia, lakini kuna jambo analolijua kabisa kwamba lifanyike na bado halifanyiki.

Kisha uliza swali ambalo wengi huliogopa: "Je, mmeshaamua kumhamisha?" Kukiwa na kusitasita, usikubali kazi. Kuna wenye shule wanaotafuta kocha ili baadaye waseme walijaribu kila njia, na mkuu huligundua hilo kabla yako.

Umefaulu hapa kama unaweza kuandika kwa sentensi moja kwa nini mkuu huyu anahitaji kocha, na sentensi hiyo ungeweza kumsomea yeye mwenyewe bila aibu.

## Hatua ya 2: Funga makubaliano ya pande tatu

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Shule ya dini ina mamlaka zinazopishana. Mkuu ana bodi, ana meneja wa shule, ana katibu wa elimu, na juu yao yuko askofu, mama mkuu wa shirika au baraza la wadhamini. Kama mkuu ni sista, ana nadhiri ya utii, na mkubwa wake wa jumuiya huenda ni mwalimu aliye chini yake pale shuleni. Kama ni padre, askofu anayemwajiri ndiye anayempangia hata pa kuishi. Kama ni ustaadhi, mdhamini wa shule anaweza kuwa ndiye mwalimu aliyemsomesha utotoni. Mtu wa namna hii anapoletewa kocha na wakubwa wake, swali lake la kwanza, hata asipolitamka, ni: huyu atapeleka nini juu?

Mimi nililipa kosa hili mapema. Katika kazi yangu ya kwanza ya aina hii, kiongozi mmoja wa taasisi alinisimamisha nje ya ibada akaniuliza, "Anaendeleaje?" Nikamjibu kwa nia njema kwamba anajitahidi, ila anaogopa walimu wakongwe. Wiki iliyofuata neno "anaogopa" lilisemwa kwenye kikao. Yule mkuu hakunilaumu. Aliendelea kunipokea kwa chai na heshima zote, na hakuniambia tena jambo lolote la kweli.

Makubaliano yaseme mambo haya, kwa lugha nyepesi:

Kinachokwenda juu. Idadi ya vikao vilivyofanyika, na lengo ambalo mkuu mwenyewe ameridhia litajwe. Hakuna zaidi.

Kinachobaki. Kila kilichosemwa chumbani.

Kinachovunja siri. Usalama wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa. Mkuu alijue hili tangu siku ya kwanza, lisije kuwa mtego.

Kofia yako. Kama wewe ni padre, usiwe kocha na muungamishi wa mtu huyo huyo. Kanisa Katoliki linaifahamu hatari hii: kanuni ya 985 ya Sheria za Kanisa inamzuia gambera (mkuu) wa seminari na mlezi wa wanovisi, yaani wanaoanza malezi ya utawa, kuwaungamisha walelewa wanaoishi naye nyumba moja, isipokuwa wenyewe waombe katika hali maalumu. Anayekupima asiwe ndiye anayeshika siri za dhamiri yako. Ukiwa katibu wa elimu, unayemwandikia mkuu tathmini yake, tafuta mtu mwingine awe kocha. Usijidanganye kwamba utazitenganisha kofia hizo kichwani mwako. Hata ukiweza wewe, yeye hawezi.

Malipo. Yasifungwe na matokeo ya mtihani. Wanafunzi wanaofanya mtihani wa kidato cha nne Novemba hii wameandaliwa kwa miaka 4, na wewe umefika juzi.

Sahihi ziwekwe watatu mkiwa pamoja, siku moja, meza moja. Mkuu amsikie mkubwa wake akisema kwa kinywa chake: "Sitamuuliza kocha mlichozungumza."

Utajua imefaulu pale mwenye shule atakapokuuliza tena, maana atakuuliza, ukamwelekeza kwa upole amuulize mkuu, na asikasirike.

## Hatua ya 3: Shinda naye siku nzima

Kabla ya kikao chochote, omba siku moja ya kumfuata mkuu kuanzia Misa ya asubuhi au Alfajiri hadi taa za bweni zinapozimwa. Usiseme chochote. Andika tu nani amekuja kwake, saa ngapi, kwa jambo gani.

Utaandika mambo kama haya: ruhusa ya mwanafunzi kwenda hospitali, funguo za stoo, mzazi wa ada ya nusu, mpishi na maharage, mwalimu anayetaka kubadilishiwa kipindi, sahihi ya hundi, ugomvi wa wasichana wawili wa bweni moja, simu ya jimboni, mzabuni wa kuni. Kila moja liwekee alama: lilihitaji mkuu, au lingeishia kwa makamu, mtaaluma, matroni, mwalimu wa zamu?

Wahubiri wetu wanaipenda habari ya Yethro na Musa katika Kutoka 18, na kwa kawaida tunakimbilia mwisho wake, kwenye wakuu wa maelfu na wa mamia. Angalia inavyoanza. Yethro alimtazama kwanza Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, kisha akauliza: ni jambo gani hili unalowafanyia watu? Macho yalitangulia, swali likafuata, ushauri ukaja mwisho.

Onyo: usimwonyeshe karatasi yako jioni hiyo hiyo. Amechoka, atajitetea. Ilaze hadi kikao cha kwanza, kisha mpe aisome mwenyewe bila maelezo yako. Mara nyingi kimya kinachofuata kinafanya kazi kuliko maneno yote uliyopanga kusema.

## Hatua ya 4: Wasikilize wanaofanya naye kazi

Kwa idhini ya mkuu, na kwa orodha mliyoipanga pamoja, zungumza na watu 6 hadi 8: makamu, mtaaluma, mwalimu wa nidhamu, matroni au patroni, mhasibu, padre mlezi au imamu wa shule, mwalimu mmoja mkongwe na mmoja mgeni. Kila mtu peke yake, dakika 20, maswali matatu yale yale:

1. Mkuu akifanya nini, kazi yako inakuwa rahisi?
2. Akifanya nini, inakuwa ngumu?
3. Kitu kimoja akikibadilisha muhula huu, kingekuwa kipi?

Unafanya hivi kwa sababu katika shule ya dini heshima hufunika ukweli. Hakuna mwalimu atakayemwambia Sista au Baba kikaoni kwamba anawakatiza wakizungumza. Atasema "tunashukuru" na kuketi.

Unaporudisha ulichosikia, peleka hoja tu, usipeleke kauli ya mtu. Hoja iliyosemwa na mmoja peke yake iache, hata kama ni nzito, kwa sababu mkuu ataijua sauti. Anza na yale yanayowarahisishia kazi. Wakuu wengi wa shule hizi hawajawahi kuambiwa wanafanya nini vizuri, na nimewaona wengine wakitoa leso.

## Hatua ya 5: Chagueni jambo moja lililo mikononi mwake

Chora safu tatu kwenye karatasi: *langu*, *la bodi*, *la mwenye shule*. Mkuu ajaze mwenyewe.

Safu ya tatu hujaa haraka. Shirika linahamisha masista kazini katikati ya mwaka. Dayosisi inapanga ada. Askofu ana haki ya kuitembelea na kuisimamia shule Katoliki iliyo jimboni mwake. Mwalimu fulani aliletwa kwa barua kutoka juu. Hayo ni ya kweli na yanauma, mpe nafasi ayaseme, hata nusu kikao. Kisha rudini kwenye safu ya kwanza.

Lengo liandikwe kama tendo ambalo mtu mwingine anaweza kuliona. "Kuinua taaluma" halifai, wala "kuboresha mahusiano". Linalofaa ni kama hili: "Kufikia mwisho wa Mei, makamu anaongoza kikao cha walimu cha kila Jumatatu, na mimi nakaa kama mjumbe." Au: "Kila mwalimu nitamwona darasani mara moja kwa muhula na kuzungumza naye ndani ya siku 2."

Lengo moja. Mkiwa na matatu, yote yatakuwa yale yale mwezi Desemba.

## Hatua ya 6: Endesha kikao

Saa moja na robo, kila baada ya wiki 2 kwa miezi 3 ya kwanza, kisha mara moja kwa mwezi. Simu zote mbili zizimwe, na yako iwe ya kwanza.

Kuanza kwa sala au dua ni sawa, na mwache mkuu aongoze. Ila kuwa macho na sala ya kufunga. Makocha wengi, hasa wachungaji, hubana ulimi saa nzima halafu hutoa ushauri wao wote kwenye maombi: "Bwana, mpe mtumishi wako ujasiri wa kumwondoa mhasibu." Huo ni ushauri uliovishwa kanzu, na mwenzio hana pa kuujibu.

Mazungumzo haya nimeyatunga ili uone mwendo wake:

Mkuu: Mwalimu, makamu wangu hafanyi kazi. Kila kitu narudi kukifanya mwenyewe.

Kocha: Pole, Sista. Cha mwisho ulichokirudia ni kipi?

Mkuu: Ratiba ya zamu. Aliiandika ikawa na makosa, nikaiandika upya usiku.

Kocha: Alijuaje kwamba umeiandika upya?

Mkuu: Aliiona ubaoni asubuhi.

Kocha: *(kimya)*

Mkuu: Aliiona pamoja na walimu wote. Sikumwita.

Kocha: Ratiba nyingine inatoka lini?

Mkuu: Ijumaa.

Kocha: Ungependa Ijumaa hiyo iendeje?

Tazama pale kwenye kimya. Kocha alikuwa tayari na jibu, na angelisema lingekuwa sahihi. Sista angelipokea kwa unyenyekevu, kama alivyofundishwa kuyapokea maneno ya wakubwa, na Ijumaa asingelitumia. Alipolifikia mwenyewe likawa lake. Ukishindwa kunyamaza, hesabu hadi 10 moyoni. Inachosha, na ndiyo kazi.

Kuna kauli utakayoisikia kila mahali: "Hilo tumwachie Mungu," au "Inshallah litakaa sawa." Usiipinge, usiitanie, wala usiipite kama haikusemwa. Kwa mtu huyu imani ndiyo iliyomleta kazini. Uliza: "Na sehemu ambayo amekukabidhi wewe ni ipi?" Dhana ya amana inaeleweka kanisani na msikitini, na swali hilo humrudishia mtu kazi yake bila kumnyang'anya tegemeo lake. Vivyo hivyo anayehofia kwamba kuwashirikisha walimu kutamshushia hadhi, muulize anaielewaje shura, yaani kushauriana, ambayo Qur'ani inaitaja katika sura ya 42 aya ya 38 kuwa ni sifa ya waumini. Kama ni mtawa wa Kibenediktini, muulize kuhusu sura ya 3 ya Kanuni yao, ambapo abate, mkuu wa monasteri, anatakiwa kuiita jumuiya nzima kwa mambo mazito na kuwasikiliza hata wadogo. Uliza tu, maana maandiko hayo anayajua kukupita.

Kikao kiishe kwa mkuu kuandika kwa mkono wake: nitafanya nini, lini, na nani atakuwepo.

Ukitaka kujua kama kikao kimefaulu, pima nani amezungumza zaidi. Kama ni wewe, hicho kilikuwa kipindi cha darasani.

## Hatua ya 7: Fuatana na kalenda ya shule

Kazi halisi hufanyika kati ya kikao na kikao. Tuma ujumbe mmoja mfupi siku ya jaribio lenyewe: "Leo ndiyo Ijumaa. Nakuombea." Usiulize matokeo kwa simu, subiri mkutane.

Januari usimsumbue, kuna wanafunzi wapya na ada. Mei, kama shule ina kidato cha sita, na Novemba, wakati wa mitihani ya kidato cha pili na cha nne, punguza vikao. Mwezi wa Ramadhani kutaneni asubuhi. Juma Kuu liache kabisa. Kocha anayelazimisha kikao siku ambayo bahasha za mitihani zinafunguliwa haijui shule.

## Hatua ya 8: Kikao cha pande tatu katikati ya mwaka

Mwezi Juni au Julai rudini mezani na mwenye shule. Mkuu ndiye anayezungumza: lengo langu lilikuwa hili, nimefika hapa, naomba msaada huu. Wewe unathibitisha idadi ya vikao na unanyamaza.

Mfanyie mkuu mazoezi kabla, hasa ya kuomba. Wengi wao wanajua kutoa taarifa, lakini hawajawahi kumwambia mkubwa wao, "Naomba usinihamishie mwalimu wa fizikia kabla ya Novemba." Sentensi hiyo itamkwe kwa sauti mara tano mkiwa wawili.

## Hatua ya 9: Maliza

Pangeni tarehe ya mwisho tangu siku ya sahihi, kwa kawaida Desemba, na iheshimuni. Mkuu anayeshindwa kuamua bila kukupigia simu hajasaidiwa, na ukijisikia vizuri kila anapopiga, jichunguze.

Uhamisho ukija ghafla, kama unavyokuja mara nyingi kwenye mashirika, omba kikao kimoja tu cha kuaga. Swali lake: nini unakwenda nacho, na nini unamwachia anayekuja? Usiendelee na mkuu mpya kwa makubaliano ya yule wa zamani. Anza naye hatua ya 1.

Baada ya miezi 3 pita shuleni bila ajenda, asubuhi ya Jumatatu. Kaa nje ya ofisi nusu saa na uhesabu wanaobisha hodi, uilinganishe na karatasi yako ya hatua ya 3. Kama stoo ina mtu wake, ruhusa zinaishia kwa mwalimu wa zamu, na makamu yuko ukumbini akiongoza kikao, kazi imefanyika.

Daftari lako mrudishie mkuu siku ya kikao cha mwisho. Asipolitaka, nendeni pamoja jikoni kwa mpishi, mlitie motoni huku anaona.